Chuo Kikuu cha Ghorofa ya Pili

Siku matokeo ya sekondari yalipotangazwa, wengine walilia, wengine walishangilia, na Profesa alinyoa ndevu. Kila mwaka siku hiyo hunyoa ndevu, hupiga pasi suruali yake ya kijivu, kisha hukaa ofisini kusubiri wazazi. Usidhani alikuwa profesa. Shule aliiacha mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili, na jina hilo alipewa na watu wa mtaa kwa sababu ya miwani. Yeye hakuona sababu ya kubishana na umma.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la fotokopi. Chumba kimoja, meza moja, viti vitatu, na kibao mlangoni kilichosema Kituo cha Ushauri wa Elimu ya Juu. Ukutani alibandika jedwali la vyuo bora vya uhandisi, alilolitunga kwa jasho lake mwenyewe. Chuo kilichomletea bahasha kilikaa juu. Kilichoahidi bahasha kilikaa katikati. Chuo ambacho hakikujua kama Profesa yupo duniani kilikaa chini kabisa, hata kama kilikuwa kimetoa wahandisi waliojenga nusu ya madaraja ya nchi. Wazazi walilisoma jedwali lile kwa heshima kubwa, wakitingisha vichwa, na wengine walilipiga picha.

Lakini mwaka huu Profesa alikuwa amechoka kuuza vyuo vya watu. Kwa nini ale makombo ya kamisheni wakati angeweza kuwa na chuo chake? Hivyo ikazaliwa Taasisi ya Kimataifa ya Uhandisi na Teknolojia ya Kesho. Taasisi ilikuwa na nembo yenye simba aliyekumbatia gurudumu la meno, ilikuwa na mhuri wa duara na mwingine wa mraba, na ilikuwa na karatasi nzito za barua. Ilichokosa ni majengo, walimu na wanafunzi, na hayo Profesa aliyaona ni mambo ya utekelezaji.

Wiki chache baadaye, Jumatatu asubuhi, alishuka duka la fotokopi kununua bahasha, akamkuta mwanamume mwenye kifua kipana anagombana na binti yake mbele ya mashine. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale karibu na kituo cha mabasi, mtu anayejulikana kwa sauti. Binti alikuwa ameshika cheti mkono mmoja na daftari mkono mwingine.

"Chuo chenye paa la kutu!" baba alifoka. "Mtoto wa shemeji yangu yuko ng'ambo anasoma kwenye jengo la vioo. Wangu mimi akasome bandani? Nitauweka wapi uso wangu?"

"Baba, paa si karakana. Nimevitembelea vyuo vinne. Kile cha zamani peke yake ndicho chenye mashine zinazofanya kazi na fundi anayezijua. Wamenipa nafasi. Tusipolipa ada ya kuthibitisha kufikia Ijumaa saa kumi, wanampa mwingine."

"Wampe! Simlipii mtu kutu mimi."

Binti aliinamisha kichwa, na machozi yalikuwa karibu. Alikuwa ameitaka nafasi ile tangu alipofungua redio ya kwanza nyumbani na kuirudisha ikalia vizuri kuliko mwanzo. Sasa zilibaki siku nne, na kati yake na karakana alisimama shemeji mmoja na jengo lake la vioo.

Profesa aliliona jambo hilo zima kwa mpigo mmoja, jinsi daktari mzuri anavyomsoma mgonjwa tangu mlangoni. Baba ana fedha, na ana kidonda. Akasogea.

"Samahani sana, bwana mkubwa. Mimi si mtu wa kuingilia mambo ya familia," alisema, na hivyo ndivyo alivyoingilia mambo ya familia zote. "Ila nimesikia neno uhandisi, na moyo wangu umeshtuka. Mtoto mwenye macho kama haya apelekwe popote tu? Hapana. Tupande juu dakika mbili, sitozi mazungumzo."

Walipanda juu. Profesa aliwakalisha, akavuta pumzi, akaanza. Alizungumza kuhusu dunia ya kesho. Alizungumza kuhusu waajiri wanaosoma jina la chuo kabla ya jina la mtu. Aliteremsha barua ya Taasisi mezani taratibu, simba akimwangalia baba usoni. Mwenye duka aliigusa karatasi kwa kidole gumba, kama anavyopima unene wa bati.

"Kimataifa," alisoma kwa sauti ya chini.

"Kimataifa," Profesa alithibitisha. "Shemeji yako akiisikia atanyamaza wiki nzima."

Binti alifungua daftari. "Samahani, Profesa. Wanafunzi wangapi kwa kila mashine ya kukerezea vyuma?"

"Swali zuri sana," alisema Profesa. "Wewe unaonaje?"

"Mimi nauliza."

"Na ndiyo maana nasema mtoto huyu ana macho."

"Mashine ikiharibika nani anaitengeneza? Bodi ya wahandisi inawatambua wahitimu wenu?"

"Mwanangu," Profesa alisema kwa upole wa baba wa ubatizo, "hayo yote yamo kwenye kijitabu, na kijitabu kiko kwa mpiga chapa."

Baba alimkanyaga binti mguu chini ya meza. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, mpaka Profesa alipotaja malipo ya kushika nafasi. Hapo mwenye duka aliegemea nyuma, na sura yake ikabadilika ikawa ya dukani.

"Profesa, umeniridhisha. Lakini mimi ni mtu wa mabati na saruji. Miaka ishirini sijalipia mzigo ambao sijauona. Nionyeshe chuo, nikione kwa macho. Halafu mtoto asajiliwe, nishike risiti mkononi. Mzigo ukishafika, nakulipa yote siku hiyo hiyo, na shukrani juu."

Profesa hakuwa amezoea maneno ya namna hiyo. Wateja wake wote walikuwa wakilipa kwanza na kuuliza baadaye, naye baadaye huwa hapatikani. Lakini samaki alikuwa mnene, na karatasi za barua zilikuwa zimeshachapwa.

"Jumatano," alisema. "Njooni mtembelee kampasi."

Kampasi ilipatikana Jumanne jioni. Lilikuwa ghala la kiwanda cha viatu kilichofungwa miaka mingi, na mlinzi wake alikubali kulifungua nusu siku kwa bei ya kirafiki. Profesa alifagia mwenyewe, na hilo tukumbuke kwa heshima yake, maana si wakuu wa vyuo wengi wanaofagia. Alibandika michoro ya mitambo aliyoikata kwenye kalenda. Akamkodi fundi mmoja wa mtaa wa nyuma amletee mashine moja kubwa ya kukerezea vyuma, ikateremshwa kwa miti na watu sita, ikawekwa katikati kama bibi harusi.

Jumatano baba na binti walifika. Mwenye duka alizunguka ghala mikono nyuma, akigonga kuta.

"Tofali zuri," alisema. "Zege limesimama. Wanafunzi wako wapi?"

"Mazoezi ya viwandani," Profesa alijibu bila kupepesa. "Sisi hatufugi watoto darasani."

Jibu lilimfurahisha baba. Alitoka nje kuangalia paa, maana kwake paa ndilo kipimo cha elimu. Binti alibaki mbele ya mashine. Aliinama, akatazama nyuma yake, akatazama ukutani, akanyooka.

"Profesa," alisema kwa sauti ya chini. "Mashine hii ni ya umeme wa fezi tatu. Ile soketi pale ni ya kuchomekea pasi."

Profesa alikohoa. "Tunabadilisha mfumo."

"Na fundi aliyekukodisha ameandika namba yake ya simu kwa chaki, hapa ubavuni."

Profesa alitazama ubavuni. Namba ilikuwepo, kubwa, na chini yake maneno: irudishwe kabla ya saa nane. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na mtu wa kazi yake hapotezi muda kukana.

"Binti, unataka nini?"

"Nikimwambia baba hataniamini. Ameshamtangazia shemeji yake tangu juzi." Alisema hivyo kwa uchungu, maana ndivyo ilivyokuwa. "Ila nakuonea huruma. Unahangaika na mtu mmoja. Baba ni katibu wa chama cha wenye maduka ya ujenzi. Wako kumi na wanane, karibu wote wana watoto waliomaliza shule, na wote wanasubiri kuona katibu amempeleka wapi wa kwake."

Profesa alimeza mate.

"Tatizo ni kwamba wote ni kama baba," binti aliendelea. "Watataka kuona mzigo. Utalikodi ghala hili mara kumi na nane? Wewe una jina, huna chuo. Kile cha zamani kina chuo, hakina jina. Andika barua kwamba kile ni chuo shirikishi cha Taasisi yako, na wanafunzi wako wanasomea kule. Mimi nafasi ninayo tayari, inasubiri ada tu. Lipa wewe, risiti itoke kwa jina lako. Baba akishika risiti ya kweli yenye mhuri wa kweli, anakulipa, na wenzake wanapanga foleni ngazini kwako."

Profesa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Alijua wazi kwamba binti ana faida yake katika jambo hili, na hilo ndilo lililomtuliza. Aliamini mtu akishakuonyesha anachotaka hana tena cha kukuficha. Ni imani iliyomlisha miaka kumi na mitano.

"Ungekuwa mwanangu," alisema kwa mapenzi ya dhati, "tungefika mbali."

Alhamisi walikutana chuo cha zamani. Paa lilikuwa na kutu kweli. Chini ya kutu hiyo kulikuwa na kelele za chuma, harufu ya mafuta ya mashine, na vijana waliovaa makoti ya bluu wakimzunguka fundi mzee aliyekuwa akiwagombeza kwa furaha. Profesa hakuangalia upande huo. Alikuwa akihesabu maduka ya ujenzi.

Ofisi ya usajili ilikuwa na foleni ndefu na karani mmoja, mama mwenye sweta na subira isiyo na mwisho. Binti alikuwa ameshajaza karatasi zote kwa kalamu nyeusi, herufi zimesimama wima. Alizipanga mbele ya Profesa pamoja na nakala ya kitambulisho cha Profesa, aliyomwomba aitoe kule kule duka la fotokopi.

"Sahihi hapa, na hapa, na hapa," alisema. "Na hapa kidole gumba."

Karani aliinua macho. "Umezisoma, mheshimiwa? Ile ya tatu watu huisoma vizuri."

"Mama," Profesa alicheka, "mimi fomu hizi naziandika."

Akasaini. Hapa msimulizi anaomba nafasi ya kusema neno moja. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kutunga fomu zisizo na maana hawezi kuamini kwamba mahali fulani duniani ipo fomu yenye maana. Mkulima angeisoma, na muuza maji pia angeisoma. Profesa alipiga kidole gumba kwa madaha, akalipa ada kutoka akaunti yake, akapokea risiti, akambusu simba wa kwenye barua yake alipofika nje.

Ijumaa saa tano asubuhi alipanda ngazi za duka la vifaa vya ujenzi akiwa amevaa tai. Aliweka mbele ya baba barua ya Taasisi, barua ya ushirika, risiti, na kitambulisho kipya cha mwanafunzi chenye picha ya binti akitabasamu. Mwenye duka alivaa miwani ya kusomea ankara. Alisoma kila kitu, na jina la chuo cha kutu, likiwa sasa chini ya neno Kimataifa, halikumuuma tena. Kisha akachukua simu akapiga namba iliyokuwa chini ya risiti. Ndivyo anavyofanya kwa kila mzigo, hata wa misumari.

"Haloo, chuo? Kuna mwanafunzi huyu kwenu?... Amelipiwa?... Anaanza lini?... Na nyie mna ithibati?... Tangu mwaka gani? Loo! Ahsante, mama."

Alikata simu, akamtazama Profesa kwa heshima mpya.

"Kazi nzuri. Mzigo umefika."

"Nilikwambia, bwana mkubwa. Sasa lile jambo letu dogo..."

"Jambo gani?"

"Malipo."

Mwenye duka alishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Profesa, bidhaa hii inatoka kule chuoni moja kwa moja. Nimeongea nao sasa hivi. Nikishakijua kiwanda, dalali wa nini tena?"

"Lakini ada nimelipa mimi!"

"Na mimi mawakala wa rangi huniletea kopo la kwanza bure ili niijue. Ndiyo biashara." Akamsogezea kiti. "Usinune, ndugu yangu. Nitawaambia wanachama wote. Kumi na saba wale nitakuletea, kila mmoja akitaka kopo lake la kwanza."

Halafu alichukua ile barua yenye simba, akamwita kijana wa kaunta amletee fremu, akaitundika juu ya mashine ya kukatia vioo. Shemeji alipokuja jioni aliisoma mara mbili, akauliza kama kuna maji ya kunywa. Baba alifurahi hadi usiku ule akalala na viatu. Alikuwa amepata jina bila kulilipia, na chuo bila kukionea aibu, na alimkumbatia binti yake akimwambia kwamba siku zote alijua ana akili za upande wa kwake.

Profesa alikuwa na uchungu, lakini hakuvunjika. Ada moja ya kuthibitisha ni hasara ya kawaida ya kazi, na ada hurudishwa. Jumatatu, siku ya kwanza ya masomo, alikuwa mbele ya yule mama mwenye sweta.

"Nimeghairi," alisema. "Nirudishieni changu."

Mama alifungua jalada. "Wewe ndiye mfadhili wa huyu binti. Ada ya kuthibitisha haimrudii mfadhili."

"Mfadhili? Mimi nimelipia siku moja tu."

"Ulisaini miaka minne." Alimgeuzia ile karatasi ya tatu. "Na hii ni idhini ya makato. Kila muhula benki inakata kwenye akaunti yako, mpaka ahitimu. Kufuta, lazima mwanafunzi akubali kwa maandishi."

Profesa aliisoma karatasi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Hata yeye, kama mtaalamu, aliona kwamba haina mahali pa kutokea.

"Nitakwenda polisi," alisema kwa sauti nyembamba.

"Nenda, baba. Watakuuliza fedha ile uliipataje, ni kawaida yao. Mfadhili unafanya kazi gani?"

Profesa alifikiria akaunti ile, na wazazi wote wa miaka yote ambao jasho lao lilikuwa limelala mle ndani. Aliamua kutokwenda polisi.

Alimkuta binti karakanani. Amevaa koti la bluu, ameinama juu ya mashine, na chuma kilikuwa kikichunika mbele yake na kuanguka kama maganda ya kiazi. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Profesa hakuwahi kuiona kwa mteja yeyote. Profesa alikuwa amejiandalia matusi ya kutosha njia nzima.

"Umeniibia," ndilo alilopata kusema.

Binti alizima mashine kabla ya kugeuka, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mfadhili. Baba alikataa kunisomesha hapa, na mimi sikuwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimelia wiki nzima. Wewe ulikuwa tayari kumwuzia baba ghala la viatu, ukaniacha mimi bila chuo chochote." Alipangusa mikono kwenye koti. "Sikuona kwa nini nikuonee huruma kuliko nilivyojionea mimi."

Profesa aligeuka kuondoka.

"Halafu usome kifungu cha tisa," binti alisema kwa upole, akiwasha mashine tena. "Nikifeli somo, nalirudia kwa gharama ya mfadhili. Nikirudia mwaka, mfadhili anaulipa mara mbili."

Tangu siku hiyo mambo ya Profesa yalibadilika. Ofisi ya ghorofa ya pili aliifunga, maana wenye maduka walikuwa wakija kila asubuhi kudai kopo la kwanza. Akahamia mtaa mwingine, akafungua kibanda cha kutafsiri na kuchapa barua, kazi ya halali iliyomchosha sana. Na kila muhula ulipokaribia mwisho alikosa usingizi na hamu ya kula. Baba mzazi hakujua hata binti anasoma masomo mangapi. Profesa aliyajua yote tisa, kwa majina ya walimu. Alimnunulia binti kikokotoo. Alimpelekea taa ya mezani. Alimpigia simu kumwuliza kama amelala vya kutosha, na kama yule rafiki yake anayependa muziki ni mtu wa maana.

Matokeo ya hesabu za uhandisi yalibandikwa siku ya Jumanne. Saa mbili na dakika moja simu ya binti iliita.

"Umefaulu?" Profesa aliuliza. Alikuwa amesimama kibandani, mkono kifuani, na wateja wawili wanasubiri.

"Nimefaulu, mfadhili. Nimepata B."

Profesa alivuta pumzi ndefu ya nafuu. Wateja walimwona akifumba macho, midomo ikichezacheza kama anayeshukuru. Halafu macho yakafumbuka, na mshipa ukamsimama shingoni.

"B?" alisema. "Huyo aliyepata A ana vichwa viwili?"